Kosa la Kiwandani

Mtu alisonya ndani ya kabati la vioo.

Haukuwa msonyo wa kubahatisha. Ulikuwa mrefu, umevutwa taratibu kati ya ulimi na meno, kama wa mtu aliyekuta kitu kibovu kimewekwa mahali pa kitu kizuri. Mama Kasuku alisimamisha mguu juu ya pedeli ya cherehani. Jua lilikuwa la utosini na nyumba imetulia. Chini ya sindano kulikuwa na kola ya sare ya shule, na kusema kweli alikuwa ameikosea, mshono umekwenda upande. Mumewe alikuwa kazini. Binti yake alikuwa chini ya meza akivihadithia vipande vya kitambaa.

"Kasuku, ni wewe?"

"Mimi siwezi kusonya, mama. Jino limetoka." Mtoto alipanua kinywa kuonesha pengo. "Kasonya yule wa kabatini. Kola yako haijampendeza."

Mama Kasuku alicheka, kwa sababu mtoto yule alipewa jina la kasuku na majirani kwa kusema hata usingizini, na maneno yake hayakuwa ya kupimwa kwa mizani. Lakini aliifumua ile kola.

Kabati lenyewe ndilo lililokuwa mke mkubwa wa nyumba ile. Mume wa Mama Kasuku alikuwa fundi miwani, na huko dukani watu walimheshimu. Nyumbani alikuwa mtu mzima mwenye ndevu aliyeoa midoli. Zamani, alipokuwa mdogo, kulikuwa na katuni ya ukoo wa mazimwi wanaoishi darini, na kiwanda fulani kikatengeneza vijumba vya plastiki vya katuni hiyo. Kila kijumba ni kichwa cha zimwi kinachotosha kiganjani. Ukikibonyeza kwenye sikio kinafunguka katikati kama kopo la poda, na ndani mna vyumba, ngazi, jiko, vitanda, na vizimwi vidogo kama punje za mchele. Watoto wote wa umri wake walivichezea, wakavipoteza, wakakua. Yeye aligoma hatua ya mwisho.

Sheria za kabati zilikuwa nyingi kuliko za jeshi. Usifungue dirisha, jua litapausha rangi. Usikaange kitu mlango ukiwa wazi, mafuta yatanata. Usiguse. Majirani walikwisha kumwita Bwana Usiguse, naye, kwa jinsi alivyokuwa, alidhani ni sifa. Kasuku aliruhusiwa kutazama tu, mikono nyuma kama mfungwa. Pumzi yake ikiacha ukungu kwenye kioo, baba alitoa kile kitambaa laini cha kufutia lenzi akafuta kioo, na siku moja Mama Kasuku alimwona kwa macho yake akimfuta na mtoto pua, ili asirudie.

Siku za mapumziko walikuja wakusanyaji wenzake. Wanaume wenye vitambi, wenye wake na madeni, walivaa glavu nyeupe wakakiinamia kichwa cha zimwi cha plastiki kama madaktari waliokizunguka kitanda cha mfalme. Mkubwa wao aliitwa Profesa. Hakuwa profesa wa chochote, aliuza magodoro. Walimpa cheo hicho kwa kuwa aliweza kutazama bawaba akasema kijumba kilitoka mwaka gani, elimu ambayo haijamponya mtu hata kikohozi.

Ni huyo Profesa aliyekuja peke yake, siku chache kabla ya ule msonyo, bila glavu, na kijumba kimefungwa ndani ya shati kuukuu.

"Chukua," alimwambia Bwana Usiguse. "Sitaki kitu. Chukua tu."

Bwana Usiguse alikifungua, akaketi chini bila kutafuta kiti. "Humu mna watu!"

Na kweli. Mzee mwenye bakora amesimama ngazini. Vijana wawili mezani. Mwanamke jikoni ameshika mwiko. Kila mmoja kama punje, na kila mmoja amekamilika mpaka kucha.

"Katuni nzima haina binadamu hata mmoja! Profesa, hiki ni nini?"

"Kosa la kiwandani," alisema Profesa, macho yake sakafuni.

Basi ikawa imekwisha. Kwa wakusanyaji wale hapakuwa na neno tamu kuliko hilo. Kama mashine ilikosea, kijumba ni dhahabu. Kama mtoto alikwaruza, kijumba ni takataka. Hiyo ndiyo dini yao yote.

Mama Kasuku aliweka chai mezani. "Shemeji, mkeo hajambo? Siku nyingi hatujaonana."

"Amesafiri."

"Kwenda wapi?"

"Amesafiri tu, shemeji." Aliondoka bila kuigusa chai.

Mama Kasuku alisikitika, maana mke wa Profesa alikuwa mtu wake. Siku Mama Kasuku alipojifungua, Bwana Usiguse akiwa amekwenda kwenye maonesho ya midoli, ni mwanamke yule aliyekuja na sufuria la supu, akafua nepi bila kuombwa, akamwimbia mtoto wimbo usio na maneno mpaka mama mzazi naye akalala.

"Chumba kimoja ni kitupu," Bwana Usiguse alikuwa akisema, jicho limebanwa kwenye lenzi yake ya kukuzia. "Cha mtoto. Kitanda kipo, mwenyewe hayupo. Natamani nikipate hicho kipande! Natamani seti ikamilike! Natoa chochote."

Alilisema hilo kwa sauti, mbele ya kabati lililo wazi. Ndani ya kabati mtu alishusha pumzi, kama anayekubali. Bwana Usiguse alidhani ni mkewe. Mkewe alidhani ni yeye.

Baada ya ule msonyo wa kola yakafuata mengine. Kile kitanda kitupu kilikutwa kimebonyea katikati, kama kimelaliwa, na plastiki ngumu haibonyei. "Kosa la kiwandani," alisema Bwana Usiguse. Kila magharibi ikatoka kabatini harufu ya nywele zilizoungua. "Gundi ya zamani." Mzee mwenye bakora, aliyekuwa akitazama mlango, akakutwa ameupa mlango mgongo. "Wewe umegusa!" Na misonyo ikazidi. Sahani ikidondoka, msonyo. Mama Kasuku akikohoa, msonyo. Jirani alipoingia na kandambili zenye matope kuleta maembe, ukatoka msonyo mrefu mpaka yule mama akamuuliza kwa unyonge, "Jamani, nimekosea nini?"

Kasuku tu ndiye hakusonywa. Kila alipopita mbele ya kioo, nyumba ilinyamaza, kama mtu anayezuia pumzi ili asimfukuze ndege.

Kisha Kasuku akaanza kupunguza maneno.

Mwanzoni mama yake alidhani ni mafua. Lakini mtoto hakuwa na homa. Alikaa kwenye kiti, mikono imenyooka ubavuni, akatazama mbele. Gauni halikujikunja. Nywele zilizosukwa hazikufumuka. Chakula alikula kidogo, halafu kidogo zaidi, na mdomo haukuchafuka. Akiulizwa alijibu neno moja. Baadaye akawa anajibu kwa macho. Mwisho hata macho yakaacha.

"Mtoto ana nini huyu?" Mama Kasuku alimuuliza mumewe.

"Ana adabu," alisema Bwana Usiguse, naye alifurahi kweli. "Umeona? Hagusi kitu. Hatoi kelele. Nilikuwa nakwambia, mtoto ni malezi."

Mama Kasuku alimtazama mwanaume yule, ndevu zimechongwa vizuri, kucha zimekatwa, mkono laini kama wa bibi harusi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake hakuona hasira moyoni. Aliona kitu kilicho chini ya hasira, kama unavyomtazama mende aliyeanguka chali.

Jioni ile alimwogesha mtoto. Alikuwa mwepesi, na maji yaliteleza juu yake bila kumlowesha. Mama alipompitisha kitambaa ubavuni kidole chake kikakwama. Kulikuwa na mstari, mwembamba, ulionyooka kutoka kwapani mpaka kisiginoni, na upande wa pili mwingine kama huo. Mama Kasuku alikuwa mshonaji. Mshono aliujua hata gizani. Lakini huu haukuwa na uzi. Ulikuwa ule mstari unaobaki kwenye vitu vya plastiki, pale nusu mbili za kalibu ya kiwandani zinapokutana.

Hakupiga kelele. Alimvika mtoto nguo, akaenda kabatini, akafungua kwa mkono wenye povu la sabuni, jambo ambalo halijawahi kutendeka, akachukua lenzi ya mumewe na kutazama.

Kwenye chumba cha mtoto, juu ya kitanda kilichobonyea, kulikuwa na kitu. Bado hakijakolea, kama doa la chai kwenye kitambaa. Lakini kilikuwa na gauni la njano, na Kasuku alikuwa amevaa gauni la njano. Lenzi ikateleza mpaka jikoni, ikasimama juu ya mwanamke mwenye mwiko. Gauni lake lilikuwa na mfuko mmoja, upande wa kushoto, umeshonwa kwa mshazari. Mama Kasuku aliufahamu mfuko ule. Aliushona mwenyewe. Aliombwa auweke kushoto kwa mshazari kwa sababu mwenye gauni alitumia mkono wa kushoto, naye alikuwa mke wa Profesa.

Waliomsaidia ni majirani. Yule mama wa kandambili za matope ndiye aliyekwenda kumwita mganga, na hakukumbushia kwamba alisonywa. Mganga alikuja kabla giza halijashika. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua makali, akipenga kila hatua.

"Huyu ndiye atakayetutibu?" Bwana Usiguse aliguna. "Mbona pua yake imemshinda?"

"Baba, pua ni yangu, jini ni lako," alijibu mganga, akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, jambo ambalo Mama Kasuku aliliona na kulihifadhi. Alimpapasa Kasuku ubavuni. Akasogea kabatini. Akapiga chafya, na kabati lote likasonya, rafu hadi rafu, mpaka vioo vikalia.

Mganga alirudi nyuma. Sauti yake ilishuka ikawa ya kunong'ona. "Mama, nitakwambia kweli, nisije nikala jasho lako bure. Mimi nafukuza wanaovamia. Huyu amekaribishwa. Nani humu ndani alitamka kwamba anataka kitu kikamilike?"

Bwana Usiguse alikuwa anafuta chafya kwenye kioo.

"Linataka nini? Damu?" Mama Kasuku alinong'ona. "Ubani? Nitatafuta."

"Yangekuwa mepesi. Jini linalokula hushiba, likaondoka. Hili halili. Linatazama tu. Linataka kuwa naye, akae pale lilipomweka, basi." Mganga alivua mtandio wake, akamfunika mtoto magoti. "Ana baridi mno. Usinirudishie. Na ufanye haraka, mama, jua likizama vizuri atakuwa amekolea."

Alipotoka, Mama Kasuku alisimama katikati ya chumba. Linatazama tu. Alimjua nani mwingine anayetazama tu? Aliishi naye. Alimfulia soksi. Akamgeukia mumewe aliyepiga magoti mbele ya kioo na kitambaa chake, na ghafla lile jini likamwishia ukubwa wote moyoni mwake. Kumbe ndiyo hivyo? Kumbe kule kwao nako kuna mabwege wanaopanga vitu kabatini? Zimwi la kuogopwa, kazi yake kusonyea kola!

Na mabwege wa aina hiyo aliwajua kuliko alivyoujua mkono wake. Alijua kitu kimoja tu duniani kinachowafanya waachie.

Alichomoa pini kwenye kola ya sare.

"Unafanya nini?" alisema Bwana Usiguse. "Mama Kasuku. Mama Kasuku, una pini!"

Alimsukuma kwa kiwiko, akakitoa kijumba, akakibana kati ya magoti. Kile kitoto cha gauni la njano kilikuwa kimekolea sasa, kina uso, kina pengo la jino. Mkono wake ulikataa. Mama gani anamkwaruza mwanawe? Alisema, "Nisamehe, mwanangu," akagusa goti lile dogo kuliko chembe ya chumvi, akalikwaruza.

Nyuma yake, kwenye kiti, Kasuku alipiga yowe.

Lilikuwa yowe baya, la kitoto, lenye kamasi, na goti chini ya mtandio lilikuwa linavuja damu, na juu yao ukatoka msonyo ambao haukutoka kabatini tena bali ulitoka kila mahali, kwenye kuta, chini ya sakafu, ndani ya meno yao wenyewe, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani mpaka macho yakachuruzika, lakini Mama Kasuku hakuinua kichwa, alikuwa ameshafika jikoni mwa kijumba, akamkwaruza mke wa Profesa shavuni, taratibu, kama anayempangusa jasho, na yule mwanamke mdogo akashusha pumzi moja ndefu akatoweka na mwiko wake, kisha wale vijana, mmoja mkononi, mwingine sikioni, na kila alipogusa msonyo uliongezeka na pumzi moja ikaenda zake, na mumewe alikuwa amemshika bega akimtikisa, akilia machozi ya kweli, akisema, "Umeharibu! Umeharibu seti nzima! Haipatikani popote duniani hii!"

"Mtoto anatoka damu, wewe unalilia plastiki?"

"Ilikuwa haijaguswa!"

Alimkwaruza mzee wa bakora kisogoni. Vyumba vyote vikawa vitupu.

Ndipo nyumba ikafunguka.

Mama Kasuku hakupata kulisimulia vizuri hata kwa wale waliompenda. Alisema kwanza uliingia mstari wa mwanga pale ukuta unapokutana na dari, upande wote mmoja, kama mstari wa chini ya mlango, halafu mstari ukapanuka, na upande wa pili ikalia bawaba, kubwa, ya polepole, na dari ikaenda juu, na mahali ambapo ilitakiwa kuwepo jioni ya kawaida, na nyota za kwanza, na taa za jirani, kulikuwa na kitu kimeinama juu yao kikitazama, na pumzi yake ilikuwa ya joto, na walichokiona si uso, ni jicho tu, limesogezwa karibu sana, kama jicho la mtu aliyeshika lenzi.

Jicho lilimtazama Kasuku. Lilikaa pale juu ya goti lenye damu, juu ya kamasi, juu ya gauni lililokwisha kuchafuka. Likasonya, likampita.

Likamjia Mama Kasuku. Aliinua mikono yake yote miwili ili lione vizuri, vidole vilivyotobolewa na sindano miaka nenda rudi, kovu la pasi ya moto, jino lililovunjika kwa kufungulia chupa, tumbo lililochanika na kushonwa siku ya kujifungua. "Tazama," alisema. "Tazama sana." Likasonya, likampita.

Likamfikia Bwana Usiguse, likasimama.

Mama Kasuku aliona kile ambacho jicho liliona. Mwanaume asiyebeba mtoto, asije akamtapikia. Asiyechota maji. Asiyepasua kuni. Mtu wa umri ule hana hata mchubuko, hana sugu, hana alama ya kuonesha kwamba aliwahi kumshikia mtu kitu chochote. Alikuwa mpya. Alikuwa kama alivyotoka kwenye boksi.

Angeweza kunyamaza. Wako wanawake wangenyamaza, na nani angewalaumu? Lakini huyu hakuumbwa hivyo. Alimwekea ile pini kwenye kiganja, akamfungia vidole juu yake.

"Jikwaruze!" alinong'ona. "Baba Kasuku, mara moja tu. Popote. Sasa hivi!"

Bwana Usiguse aliitazama pini. Akautazama mkono wake, mweupe kwa usafi, ngozi imetulia kama maji ya mtungini. Jicho lilikuwa limeshuka mpaka chumba chote kimekuwa cheusi.

"Itaacha alama," alisema.

Mama Kasuku alimnyakua mwanawe akakimbia. Kwenye ngazi za mbele alimkuta mwanamke amekaa, amechoka, mwiko mkononi na mkwaruzo mwembamba shavuni, akishangaa mtaa kama mtu aliyeamshwa. Mwanamke yule aliinuka bila kuuliza neno, akampokea Kasuku aliyekuwa akilia kwa sauti ya kuamsha wafu, akamfuta goti kwa ncha ya gauni lake. Na ndani, nyuma ya mlango, ndani ya nyumba ambayo kwa siku zote zile ilisikia misonyo tu, mtu aliguna polepole, kwa kuridhika.

"Mmh."